Ruhusa na kufuli: nani hasa amekukatalia faili?

Kuna amri mbili ambazo wanaoendesha seva za Linux huzikimbilia faili likigoma. Ya kwanza ni `chmod -R 777`, inayompa kila mtu kila ruhusa. Ya pili ni `rm`, yaani kufuta, juu ya faili lolote ambalo jina lake lina neno lock (kufuli). Zote mbili mara nyingine huonekana zimefanya kazi, na ndiyo sababu zinaendelea kupendekezwa kila mahali. Nataka kukuonyesha kwamba huzihitaji, na kwamba madhara yake ni makubwa kuliko tatizo lililokufanya uzitafute.

Kiini cha mkanganyiko ni hiki. Ruhusa na kufuli huonekana jambo moja kwa sababu zote mbili humalizika kwa "huwezi kugusa faili hili", lakini anayekataa si yule yule. Ruhusa inaamuliwa na kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, kwa kanuni ambazo hazibadiliki hata ukijaribu mara mia. Kufuli ni makubaliano ya programu zenyewe kwa zenyewe, na kerneli kazi yake ni kutunza daftari la nani ameshika nini. Kwa hiyo swali la kwanza ni: nani amesema hapana? Ukilijibu hilo, dawa mara nyingi ni mstari mmoja.

Soma kosa kama lilivyoandikwa

Kerneli inapokataa hurudisha namba, na programu huigeuza namba hiyo kuwa sentensi unayoiona kwenye terminali. Sentensi hizo zinakaribiana sana kwa sura, ila kila moja ina maana yake.

`Permission denied` ni EACCES, namba 13. Herufi za ruhusa hazikukubali, au kitu kinachokaa juu yake, kama SELinux, ulinzi wa ziada wa Linux. `Operation not permitted` ni EPERM, namba 1, na hapa tatizo kwa kawaida haliko kwenye rwx (kusoma, kuandika, kuendesha) kabisa. Unajaribu jambo ambalo cheo chako hakikupi: kubadili ruhusa za faili la mtu mwingine, kufuta faili la mwenzako ndani ya `/tmp`, au kuandika kwenye faili lililowekewa alama ya kutobadilika. `Read-only file system` ni EROFS: diski, au sehemu ya mti wa folda kama huduma yako inavyouona, imefunguliwa kwa kusomwa tu. `Text file busy` inatokea ukitaka kuandika juu ya programu ambayo inaendeshwa wakati huo huo. Na `Resource temporarily unavailable`, EAGAIN, ikija kwenye jambo la faili, basi karibu kila mara kuna kufuli ambalo mwingine amelishika.

Mtu anayeona EPERM akakimbilia `chmod` anapoteza muda wake, maana EPERM inamwambia wazi kwamba herufi sizo zinazogomba.

Programu nyingi huficha sentensi hizi nyuma ya ujumbe wao wenyewe, "imeshindwa kuhifadhi" na kadhalika. Hapo `strace`, inayorekodi maombi ya programu kwa kerneli, inakupa maneno ya kerneli bila mkalimani:

```
strace -f -e trace=%file,fcntl,flock -o /tmp/s.txt programu-yako
grep -E 'EACCES|EPERM|EROFS|EAGAIN' /tmp/s.txt
```

Mstari utakaoupata utataja njia kamili ya faili na namba ya kosa. Mara nyingi faili hilo si lile ulilokuwa unalishuku.

Kerneli inavyoamua

Wengi tunajua kwamba `rw-r-----` ina mafungu matatu: mwenye faili, kikundi, na wengine wote. Kisichojulikana sana ni kwamba kerneli huchagua fungu moja tu na kuishia hapo. Inauliza: huyu ndiye mwenye faili? Kama ndiye, inasoma herufi tatu za kwanza, basi. Kama siye, je, yumo kwenye kikundi? Kama yumo, inasoma za katikati, basi. Haijumlishi. Faili lenye `----rw-r--` litamkatalia mwenyewe hata kama yumo kwenye kikundi kinachoruhusiwa kuandika. Kwa nadra unakutana na hali hiyo, lakini ukikutana nayo bila kuijua kanuni hii utakesha.

Jambo la pili ni la kila siku: ili kufika kwenye faili, kerneli hupita kila folda iliyo njiani kuanzia `/`, na kwenye kila moja inadai herufi `x`. Kwenye folda, `x` maana yake ni kupita, na `r` ni kuona orodha ya majina yaliyomo. Faili linaweza kuwa na 644 (`rw-r--r--`) safi kabisa, wazi kwa dunia nzima, na bado lisisomeke kwa sababu folda mbili juu yake kuna mlango uliofungwa. `ls -l` ya faili haitakuonyesha hilo. `namei -l` itakuonyesha:

```
$ namei -l /home/asha/tovuti/index.html
f: /home/asha/tovuti/index.html
drwxr-xr-x root root /
drwxr-xr-x root root home
drwxr-x--- asha asha asha
drwxrwxr-x asha asha tovuti
-rw-rw-r-- asha asha index.html
```

Angalia mstari wa `/home/asha`. Kuanzia toleo la 21.04, Ubuntu huzipa folda mpya za nyumbani ruhusa ya 750 (`rwxr-x---`), kwa hiyo `www-data`, mtumiaji wa seva ya wavuti nginx, hapiti hapo, na kivinjari kinaonyesha 403, kosa la kukataliwa. Mtu anaweza kubadili ruhusa za `index.html` mpaka jua lizame. Mlango uliofungwa uko juu. Tiba nzuri ni kuhamishia tovuti `/srv` au `/var/www`. Ikibidi ibaki hapo, `setfacl -m u:www-data:x /home/asha` inampa nginx haki ya kupita tu, bila kumwonyesha yaliyomo.

La tatu ni kufuta. Haki ya kufuta faili haitoki kwenye faili. Inatoka kwenye folda lililomo, kwa sababu kufuta ni kuondoa jina kwenye orodha ya folda. Ndiyo maana mtu asiyeweza hata kulisoma faili lako anaweza kulifuta, ikiwa ana `w` na `x` kwenye folda. Herufi `t` mwishoni mwa ruhusa za `/tmp` (1777) iliwekwa kuzuia hilo: ndani yake unafuta lako tu, au uwe mwenye folda, au root, msimamizi mkuu wa mfumo.

Halafu kuna vikundi. Umeandika `sudo usermod -aG duka asha`, ukahakikisha kwa `id asha`, kikundi kimo, na bado Asha anakataliwa. Mchakato, yaani programu inayoendeshwa, hupewa orodha ya vikundi vyake wakati wa kuingia kwenye mfumo na kuibeba hivyo hivyo mpaka mwisho. `id asha` inasoma `/etc/group`. `id` bila jina inasoma mchakato ulio nao. Hizo mbili zikitofautiana, Asha atoke aingie upya, au atumie `newgrp duka`. Huduma ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, nayo lazima iwashwe upya. Ukitaka uhakika juu ya mchakato wowote, `grep Groups /proc/NAMBA/status` haina ubishi.

Na hili dogo linalowasumbua wengi: `sudo echo neno > /etc/faili` hukataliwa kwa sababu anayefungua faili ni shell yako, kabla sudo, inayotoa mamlaka ya root, haijaanza. `echo neno | sudo tee /etc/faili` inafanya kazi.

Kabla ya kubadili chochote, jaribu ukiwa mtumiaji yule yule anayelalamika: `sudo -u www-data cat /njia/ya/faili`. Kupima ukiwa root hakukuambii kitu, maana root anapita karibu kila mahali.

Herufi ziko sawa na bado unakataliwa

Angalia alama inayofuata herufi kwenye `ls -l`. Jumlisha (`+`) inasema kuna orodha ya ziada ya ruhusa, nayo unaisoma kwa `getfacl`. Hapa kuna mtego: faili likishakuwa na orodha hiyo, herufi tatu za katikati hazionyeshi tena ruhusa za kikundi bali kikomo cha watu wote waliotajwa kwenye orodha. Ukiandika `chmod 640`, umemshusha kila aliyepewa `rw` awe msomaji tu, na `getfacl` itaandika `#effective:r--` kando ya jina lake.

Nukta (`.`) inasema faili lina lebo ya SELinux, jambo la kawaida kwenye Fedora, RHEL na ndugu zao. Kosa linalojirudia hapo ni la `mv`. Faili lililoandaliwa nyumbani kisha likahamishwa kwa `mv` kwenda `/var/www/html` husafiri na lebo yake ya nyumbani, na seva ya wavuti inakataliwa kulisoma. `cp` ingelipa lebo ya folda jipya. `ls -Z` inaonyesha lebo, `restorecon -Rv /var/www/html` inazirudisha, na `ausearch -m AVC -ts recent` inakuonyesha kukataliwa kwenyewe. Usiizime SELinux kwa ajili ya lebo moja.

Ukiona `Operation not permitted` hata ukiwa root, endesha `lsattr`. Herufi `i` ni alama ya kutobadilika. `chattr -i` huiondoa, ila uliza kwanza nani aliiweka na kwa nini. Kwenye macOS alama ya jamaa hiyo unaiona kwa `ls -lO`, na huko pia terminali inaweza kukataliwa kuingia Documents au Desktop kwa sababu za faragha zinazowekwa kwenye mipangilio ya mfumo, wala si rwx.

Huduma za systemd zinastahili umakini wao. Faili la huduma likiwa na `ProtectSystem=strict`, huduma hiyo inauona karibu mti wote wa folda kama wa kusoma tu. `ProtectHome=yes` huifichia `/home`. `PrivateTmp=yes` huipa `/tmp` yake peke yake, kwa hiyo faili uliloliweka `/tmp` kwa mkono haliioni kabisa. Ukijaribu mwenyewe kwa `sudo -u` kila kitu kinafanya kazi, huduma ikijaribu inashindwa. `systemctl cat jina-la-huduma` ndipo pa kuanzia, na `ReadWritePaths=` ndipo unapofungua folda moja inayohitajika.

Kwa nini 777 ni hasara

Watu husema 777 "inafungua kila kitu". Haifungui kila kitu. Inavunja vitu ambavyo usalama wake unategemea kufungwa. `ssh`, ya kuingilia seva ya mbali, ikikuta ufunguo wako wa siri unasomeka na wengine hukataa kuutumia na kuandika `UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE!`. Upande wa seva, sshd kwa mpangilio wake wa kawaida hukataa `authorized_keys` ikiwa folda ya nyumbani inaandikika na watu wengine. Yaani `chmod -R 777 /home/asha` kwenye seva ya mbali inaweza kumfungia Asha nje ya seva yake mwenyewe. Hifadhidata ya PostgreSQL haitawaka kama folda ya data haina 0700 au 0750.

Likifanyika kwenye `/usr` ndiyo balaa. Namba 777 inafuta biti ya setuid, ile inayoifanya programu iendeshwe kwa mamlaka ya mwenye faili. Wazo hilo ni la Dennis Ritchie, na hati yake ya hataza ilitolewa Marekani mwaka 1979. Sudo inaishi kwa biti hiyo. Ikiondoka, sudo inakuambia kwamba `/usr/bin/sudo` lazima imilikiwe na uid 0 (namba ya root) na iwe na biti ya setuid, na hapo huna tena sudo ya kurekebishia.

Kama kweli kuna folda nzima la kurekebisha, tumia `chmod -R u=rwX,g=rwX,o=rX`. Ile `X` kubwa inatoa `x` kwa folda, na kwa mafaili ambayo tayari yalikuwa nayo.

Makufuli

Kwenye Linux makufuli ni ya hiari. Programu inayotaka kuandika inauliza kerneli: kuna aliyeshika kufuli la faili hili? Kama yupo, inasubiri au inaondoka. Lakini programu isiyouliza inafungua na kuandika bila kuzuiwa na yeyote. Ni kama hodi kwenye nyumba isiyo na komeo: anayepiga hodi atangoja aitikiwe, asiyepiga hodi ataingia tu. Kulikuwa na kufuli la lazima pia, ambalo kerneli ililisimamia yenyewe, lakini lilikuwa na kasoro na halikutumika sana. Liliondolewa kwenye Linux toleo 5.15, mwaka 2021. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "faili limefungwa, haliandikiki", na programu inayoandika ni `cat` au `cp`, huyo ana tatizo la ruhusa. `cat` haipigi hodi.

Sasa tofauti inayobeba uzito kuliko zote kwenye sehemu hii. Kuna makufuli ya namna mbili, na `rm` ni halali kwa moja tu.

Namna ya kwanza ni faili ambalo kuwepo kwake ndiko kufuli. Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, ni mfano. Ikitaka kubadili faharasa yake inaunda `.git/index.lock` kwa sharti kwamba jina hilo lisiwepo, inaandika humo, kisha inalibadilisha jina kuwa `index`. Umeme ukikatika katikati, `index.lock` linabaki, na kila amri inayofuata inasema `Unable to create '.git/index.lock': File exists`. Hakuna mwingine wa kuliondoa. Hakikisha kwanza hakuna git inayoendelea, hata ndani ya kihariri chako cha msimbo, kisha lifute.

Namna ya pili ni kufuli lililoandikwa kwenye daftari la kerneli, na faili ni mahali pa kulitundika tu. Hii ndiyo ya dpkg, kisakinishi cha vifurushi kinachotumiwa na apt:

```
E: Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. It is held by process 4121 (unattended-upgr)
```

Faili `lock-frontend` lipo siku zote, kufuli liwepo lisiwepo. Mchakato 4121 ukifa, kwa namna yoyote ile, kerneli inaliachia kufuli papo hapo. Kwa hiyo kufuli la namna hii haliwezi kubaki limesahauliwa. Likiwepo, kuna mchakato hai uliolishika. Ukifuta faili, mchakato 4121 bado ameshika kufuli la faili la zamani, ambalo sasa halina jina. apt yako itaunda jipya, itapata kufuli lake bila pingamizi, na sasa kuna wawili wanaoandika hifadhidata moja ya vifurushi, kila mmoja akiamini yuko peke yake. Ushauri wa `sudo rm /var/lib/dpkg/lock*` umeharibu mifumo mingi kwa njia hii. Ujumbe wenyewe umekutajia namba na jina: ni masasisho ya kiotomatiki. Subiri yaishe.

Kama ujumbe haukutaja namba, endesha `sudo lslocks`, au `sudo lsof /njia/ya/faili`. Kwenye lsof, angalia safu ya FD: `4uW` ina `W` kubwa, maana yake kufuli la kuandika juu ya faili zima, herufi ndogo ni la sehemu tu. Bila herufi hiyo mchakato umelifungua faili ila haujalifunga. Kisha `ps -o pid,user,stat,lstart,cmd -p NAMBA` uone ni nani na tangu lini. STAT ikiwa `D`, mchakato unangoja diski au mtandao na hata `kill -9` itasubiri. Shughulika na diski.

Kwa wanaoandika programu, kuna utaratibu wa aina mbili uliorithiwa kutoka matawi mawili ya Unix: `flock` iliyotoka 4.2BSD ya 1983, na `fcntl` ya System V iliyoingia POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya Unix. Kwenye Linux hazionani. Programu moja ikitumia `flock` na nyingine `fcntl` juu ya faili lile lile, zote mbili zitapata kufuli. Kwenye FreeBSD zinaonana. Na ile ya POSIX ina tabia ambayo imewaponza hata wazoefu: mchakato ukifunga deskripta (namba ya faili lililofunguliwa) yoyote ya faili hilo, hata ile maktaba ngeni iliyofungua kusoma kidogo, makufuli yote ya mchakato huo juu ya faili yanaondoka kimya. Linux 3.15, mwaka 2014, ilileta makufuli ya `F_OFD_SETLK` yasiyo na tabia hiyo. Kama unaandika kitu kipya cha Linux, anzia hapo.

Wanaotumia amri ya `flock` kwenye cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, wajue mambo mawili. Skripti ikiwasha huduma nyuma, huduma hiyo hurithi deskripta na kuendelea kushika kufuli baada ya skripti kuisha. `flock -o` huzuia urithi huo. Na msiweke faili la kufuli `/tmp`. Tangu Linux 4.19 kuna kinga iitwayo `fs.protected_regular`, ambayo mifumo mingi ya systemd huiwasha: ndani ya folda la `t` linaloandikika na wote, kufungua kwa nia ya kuunda faili ambalo tayari lipo na ni la mtu mwingine hukataliwa, hata kwa root. Unapata root akiambiwa `Permission denied` juu ya faili tupu. Tumia folda lisiloandikika na wote.

Kuhusu NFS, yaani mafaili ya seva nyingine yanayofikiwa kwa mtandao, nitasema machache. Utambulisho huko ni namba, si majina: asha mwenye uid 1001 hapa anaweza kuwa mtu mwingine kabisa kule. Root wa mteja kwa kawaida hugeuzwa kuwa nobody. Na kwa utambulisho wa kawaida wa AUTH_SYS, vikundi vinavyosafiri na ombi haviwezi kuzidi 16. Mtu mwenye vikundi 20 anaweza kukataliwa bila sababu inayoonekana.

Vyote viwili kwa pamoja

Chukua programu ndogo ya mauzo, imeandikwa kwa Python, data iko kwenye SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili. Tovuti inaendeshwa na `www-data`. Saa nane usiku cron inaendesha skripti ya kufunga hesabu chini ya mtumiaji `hesabu`, ambaye yumo kwenye kikundi `duka`. Hifadhidata inatumia WAL, ambapo mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la kando, yaani pembeni ya `duka.db` kuna `duka.db-wal` na `duka.db-shm`, ambazo huundwa na anayefungua wa kwanza na kuondolewa na wa mwisho kufunga.

Asubuhi skripti ikirudiwa kwa mkono inagonga `database is locked`. Bei zinaonekana, kuandika hakuendi. Hili si la ruhusa, kwa hiyo tunaenda kwenye daftari:

```
$ sudo lslocks
COMMAND  PID  TYPE SIZE MODE  M START END PATH
python3 2871 POSIX  32K WRITE 0   120 120 /srv/duka/data/duka.db-shm
```

Baiti ya 120 kwenye `-shm` ndipo SQLite inapoweka kufuli la mwandishi wakati wa WAL. `ps` inaonyesha 2871 ni skripti ya usiku: ilianza muamala, ikaenda kutuma taarifa kwa barua pepe kabla ya kuumaliza, na seva ya barua haijibu. Sekunde tano ambazo Python husubiri kwa kawaida haziwezi kumaliza ngoja hiyo. Tunaua mchakato. Kerneli inaachia kufuli, muamala usiokamilika hauhesabiki.

Dakika moja baadaye tunajaribu mauzo kwenye tovuti, na kosa ni jingine: `attempt to write a readonly database`. Kufuli limeondoka, sasa ni ruhusa:

```
-rw-rw-r-- www-data duka    duka.db
-rw-rw-r-- hesabu   hesabu  duka.db-shm
-rw-rw-r-- hesabu   hesabu  duka.db-wal
```

`duka.db` haina kasoro, na `chmod 777 duka.db` isingebadilisha chochote. Skripti ilikuwa ya kwanza kufungua usiku, ikaunda mafaili ya pembeni kwa kikundi chake cha msingi, ikauawa kabla ya kuyaondoa. `www-data` anaruhusiwa kuyasoma tu. Usiyafute: ndani ya `-wal` kunaweza kuwa na mauzo yaliyokwisha kukamilika ila hayajahamishiwa `duka.db`. Yape kikundi sahihi, na uliambie folda lirithishe kikundi chake kwa kila faili jipya:

```
sudo usermod -aG duka www-data
sudo chgrp duka /srv/duka/data/duka.db-wal /srv/duka/data/duka.db-shm
sudo chmod 2775 /srv/duka/data
sudo systemctl restart duka
```

Ile 2 ya mbele ni setgid ya folda. Herufi za rw hazina shida, kwa kuwa SQLite hunakili ruhusa za `duka.db` kwa mafaili yake ya pembeni. Kuwasha upya huduma kunahitajika kwa ajili ya kikundi kipya cha `www-data`. Na skripti ya usiku irekebishwe: `COMMIT` kwanza, barua pepe baadaye.